Funguo za Faki

Wamenipa kitambulisho chenye kamba ya kijani,
jina langu, Mize Kombo, na chini yake: Mwelimishaji.
Zamani walinifunga karatasi mkononi,
namba ya kitanda, basi.
Wodi ni ileile, hapa Wete. Wamepaka rangi,
ila rangi haikufika nyuma ya mlango.
Pale zingalipo alama za kucha zangu.

Manesi kumi na wawili, viti vya plastiki,
chai ya maziwa, mkate wa kumimina.
Daktari Saburi ananambia: "Karibu, tueleze kwa ufupi."
Kwa ufupi!
Miaka kumi na minne nimeibeba kwa urefu wake.

Nafungua faili. Langu. Leo nimeruhusiwa kulisoma.
Tarehe nane, mwezi wa tisa: "Anapiga kelele bila ya sababu."
Tarehe tisa: "Amekataa kula. Mkorofi."
Tarehe kumi: "Amefungwa. Ametulia."

Bila ya sababu?
Sababu ilikuwa imeanikwa uwanjani,
juu ya majamvi, mbele ya dirisha lenu:
karafuu za msimu, zinakauka, zinanukia,
nanyi mkivuta pumzi mkisema alhamdulillahi,
mwaka huu mikarafuu imezaa.
Mie harufu ile niliijulia gizani,
ndani ya ghala, juu ya magunia,
nina miaka kumi na mitatu,
na mtu ambaye mtaa mzima ukimwita ami
amefunga mlango,
funguo zinamlia kiunoni, cha, cha, cha.

Mliniuliza leo siku gani,
mbili na mbili ngapi.
Nikajibu nne. Mkaandika: akili inarudi.
Akili haikuwa imekwenda popote.
Ilikuwa inalinda mlango.

Mama alikuja kwa miguu kutoka Kangagani,
akasimama pale dirishani pa dawa:
"Mwanangu hana shetani. Mwanangu ana neno."
Nani amsikilize muuza mihogo?

Nyuma kabisa amesimama Faki,
ndevu zimeingia mvi, shada la funguo kiunoni.
Ndiye aliyenishika miguu.
Simwangalii. Kisha namwangalia.
"Tembea, Faki. Tembea kama kila siku.
Nyie wengine fumbeni macho."

Cha, cha, cha.

Nesi mmoja kijana, Sihaba,
kikombe kikamtetemeka, chai ikamwagikia sare nyeupe.
Hakusema kitu. Sikumuuliza kitu.
Nilimsogezea kitambaa, nikangoja,
na kikao kizima kikangoja nami,
mara ya kwanza wodi hii kumngojea mtu.

Walipotoka, Faki akabaki.
"Mie nikijua nakusaidia," akasema.
"Najua."
Sikumwambia nimekusamehe.
Hilo halimo katika mkataba wangu.

Kesho yake funguo hazikulia.
Kaziviringisha kwa kipande cha kanga ya mkewe,
maandishi yamekatwa, limebaki neno nusu:
*usini*
Usinini, Faki? Hakujua. Akacheka, akapita kimya.

Kitanda cha nne yupo msichana aliyeletwa usiku,
kajifunika shuka hadi utosini.
Faili lake, ukurasa wa kwanza: "Mbishi."
Nikabisha hodi. Wodi haijazoea hodi.
"Niingie?"
"Hapana."
Nikavuta kigoda, nikakaa nje, mlango wazi,
nikachambua mchele wangu wa jioni.
Jua likahama kutoka ukuta huu hadi ule.
Ndipo nikauliza, bila ya kugeuka:
"Dirisha tulifunge, au liwe wazi?"

Akanyamaza muda mrefu,
kama mtu aliyepewa noti kubwa dukani
asijue chenji yake.

"Nusu," akasema.

Nikaweka ungo chini,
nikazunguka kwa nje,
nikalisogeza. Nusu.